Alama ya PG Inamwita Nani?

Wapendwa, Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya hupanga filamu kwa umri. GE ni ya watu wote. PG, mtoto aongozwe na mzazi. 16 na 18, aliye chini ya miaka hiyo asitazame.

Basi nawauliza wazazi wenzangu wa Magogoni: hiyo PG inamwita nani? Inatuita sisi! Bodi haiketi sebuleni kwetu, wala haishiki rimoti. Na ile 18 inamzuia mtoto tu. Haimwambii baba kwamba filamu ni njema. Umri ni ruhusa, si utakatifu.

Katika Zaburi ya 101, Daudi anataja mwenendo wake ndani ya nyumba yake. Nasi tuanzie hapo: keti na mwanao, mtazame pamoja, umwulize ameelewa nini. Amina.