Kamera Ilipopaa

Mguu wa askari ulipotua juu ya jeraha, kibanda kizima kililipuka: "Mkanyage! Mkanyage!" Na mimi nilipiga kelele hizo hizo. Nina miaka 72. Nimefundisha shule ya msingi, nimekuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, na Jumapili nyingine husoma somo kanisani. Sauti ilinitoka kabla sijaijua kuwa ni yangu.

Kibanda ni cha mjukuu wangu, hapa Ilongero: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja na spika mbili. Jioni ile alileta picha ya zamani, yenye sauti ya mtafsiri juu yake, kama tulivyozoea tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa picha. Ilikuwa Dirty Harry, ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Don Siegel. Clint Eastwood ndiye stelingi, mpelelezi wa polisi mjini San Francisco. Muuaji anayejiita Scorpio amemteka binti wa miaka 14, amemfukia akiwa hai, na hewa inamwishia. Harry anamfukuza muuaji hadi katikati ya uwanja wa mpira, usiku, anampiga risasi ya mguu, kisha anaukanyaga mguu huo ili aseme binti yuko wapi. Muuaji analia anataka wakili.

Hapo ndipo tulipopiga kelele.

Picha ilipokwisha hatukuondoka. Dereva wa bodaboda aliyekaa mbele yangu alisema, "Babu, wanatetea haki za jambazi, za yule binti nani anazitetea?" Mama anayeuza karanga mlangoni alisema angekuwa mzazi angeukanyaga mguu ule mwenyewe, na hakuna aliyembishia. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita alikasirishwa na mwanasheria wa serikali, yule anayemweleza Harry kwamba bunduki iliyokamatwa bila hati ya upekuzi haiwezi kuwa ushahidi, na kwamba mtuhumiwa ataachiwa. Muuaji anaachiwa kweli, na baadaye anateka basi la watoto wa shule. "Umeona, Mwalimu?" aliniambia. "Sheria ndiyo iliyomwachia."

Sikuwa na jibu pale pale. Wasiwasi wao ni wa kweli, na wala si wa Ilongero peke yake. Picha ilipotoka Marekani, mhakiki Pauline Kael wa jarida la The New Yorker aliiona ina harufu ya ufashisti, huku watazamaji wakijaza kumbi na kushangilia. Ya pili, Magnum Force, ilitoka mwaka 1973, na humo Harry anapambana na askari wenzake walioamua kuwaua wahalifu bila mahakama. Naona waliotengeneza ile ya kwanza waliachiwa swali lililowasumbua.

Kilichoninyima usingizi kilikuwa kitu kingine. Nilimwomba mjukuu wangu anirudishie sehemu mbili. Ya kwanza ni alfajiri inayofuata: wanafukua shimo, wanamtoa binti, amekwisha kufa. Hakuna anayesema neno, kwa hiyo mtafsiri hakuwa na la kutafsiri, akaijaza nafasi kwa maneno yake, nasi tukaipita sehemu hiyo tukinunua karanga. Maumivu ya uwanjani hayakumwokoa mtu. Ya pili ni uwanja wenyewe. Askari anapokanyaga, kamera haibaki pale. Inapaa, inarudi nyuma, uwanja unakuwa mdogo chini yetu, kisha ukungu unafunika kila kitu. Mwongozaji alituondoa. Tulishangilia, tukaondolewa tusione tulichokishangilia.

Mwondoko huo wa kamera naufahamu, maana nimeufanya.

Miaka ya 1990 aliletwa mahakamani kijana aliyetuhumiwa kuiba mbuzi sita. Alikuwa amekiri kwa watu waliomkamata. Hakimu alikaa katikati, sisi wazee wawili pembeni, na siku hizo katika mahakama ya mwanzo kura ya mzee wa baraza ilihesabika sawa na ya hakimu. Kijana alisimama ameficha mikono nyuma. Alipoapishwa alilazimika kunyanyua mkono wa kulia, nikaona kifundo kimevimba, kina alama ya kamba mzingo mzima, na vidole viwili havikunjuki. Sheria inataka mtu akiri kwa hiari yake. Nilijua hivyo. Nikaangalia dirishani, kwenye vichuguu na alizeti iliyokauka, na nilipoulizwa nikasema, ana hatia.

Na alikuwa na hatia. Mbuzi wanne walipatikana pale pale alipotaja. Angekuwa hakuiba, maandishi haya yangekuwa mepesi: ningesema mateso huzaa uongo, msomaji akakubali, tukaagana. Lakini safari ile kamba ilitoa ukweli, na mwenye mbuzi alinishika mkono akinishukuru. Kosa liko wapi, basi?

Nimelitafuta miaka mingi, na ninadhani liko machoni pangu. Baada ya kesi ile sikumbuki tena mkono wa mtuhumiwa yeyote. Niliendelea kukaa pale miaka kadhaa, watu wakapita, na nikijaribu kuwakumbuka naona nyuso, naona mashati, mikono siioni. Siwezi kuamini kwamba wote walikuwa wazima.

Katika Matendo ya Mitume, Stefano anapopigwa mawe, kijana aitwaye Sauli harushi hata jiwe moja. Waliorusha waliweka nguo zao miguuni pake. Kitabu hakimwachi: kinamtaja kwamba aliridhika na kifo kile. Niliisoma sehemu hiyo mbele ya watu mara nyingi bila kujiuliza kwa nini nguo zimetajwa. Rafiki yangu Alhaji, nilipomsimulia, alisema kwao kuuchukia uovu moyoni tu, bila mkono wala ulimi, ndiyo daraja ya chini kabisa ya imani. "Na aliyeufurahia?" nikamuuliza. Alinyamaza.

Hapa kwetu tunayo historia ya hofu. Baba yangu alikuwa kijana wakati wa watu-simba, miaka ya 1940, Waturu walipokuwa wakikutwa wameraruliwa, na ikasemwa ni watu waliovishwa ngozi na kutumwa kuua. Watu walikamatwa, wakashitakiwa, wengine wakanyongwa. Alisimulia furaha ya kijiji usiku ule walipoanza kulala tena. Sikumsikia hata mara moja akitaja kwamba kuna aliyeuliza ushahidi ulipatikanaje.

Na mwaka 1976, nikiwa mwalimu kijana, polisi na maofisa wa usalama waliwakamata watu wengi Mwanza na Shinyanga katika kusaka wauaji, kwa mauaji yaliyohusishwa na ushirikina. Baadhi ya waliokamatwa walikufa mikononi mwao. Nia ilikuwa njema kama ya Harry: kuna watu walikuwa wanauawa kweli. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu, hakuwepo katika vyumba vile. Alijiuzulu. Tulimsifu kwa uungwana, na mimi nilimsifu darasani, nikawafundisha watoto neno "kuwajibika". Leo naona alifanya jambo gumu kuliko nililofundisha: alikubali kuhesabiwa kwa kile ambacho jicho lake halikuona. Mimi kilikuwa mbele yangu, hatua tatu.

Yule kijana wa bodaboda bado ananingoja nimjibu. Nitamwambia kwamba uchungu wake kwa binti ni wa haki, na kwamba sina njia ya kumhakikishia kuwa sheria itamkamata kila Scorpio. Kisha nitamwomba tukae tena kibandani, tuisimamishe picha kabla kamera haijapaa, atazame ule mguu bila mimi kusema lolote.

Mwizi wa mbuzi naye yupo. Alitumikia kifungo chake, sasa ana watoto, huuza kuku mnadani. Tukikutana hunipa shikamoo, nami humwitikia marahaba huku nikiwaangalia kuku. Sijawahi kumuuliza ni nani aliyemfunga kamba. Mnada ujao nitakwenda mapema, kabla wanunuzi hawajajaa.