Dhalimu na Mwenye Kumpinga

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiharimisha dhuluma baina ya waja wake. Amma baadu.

Suala hili ni la kale: mtawala akidhulumu, raia afanyeje? Umma mbili zilizotangulia, Wayunani na Bani Israili, zililifikiri sana, na katika khabari zao mna mazingatio.

Katika mji wa Athens, mwaka 514 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Harmodius na Aristogeiton walimuua Hipparchus, nduguye Hippias aliyekuwa akitawala kwa nguvu. Watu wa mji wakaja wakawasimamishia masanamu kwa kuwatukuza. Lakini Thucydides, mwandishi wa tarehe, alibainisha kuwa asili ya jambo lile ilikuwa kisa cha nafsi zao, wala si uchungu wa raia. Na baada yake Hippias alizidi ukali, hata alipotolewa mwaka 510. Upanga ulimwondoa mtu, dhuluma ikabaki.

Aristotle, ambaye Waarabu humwita Aristu, alieleza siri ya jabari: hutaka raia wawe wanyonge wa nafsi, wasiaminiane, wala wasiwe na uwezo wa kutenda. Akasema pia kuwa wengi katika majabari walianza kwa kujifanya watetezi wa watu.

Ama Bani Israili, katika vitabu vyao mfalme huamrishwa kuwa na nakala ya sharia na kuisoma umri wake wote, asije akatakabari. Mfalme Ahab alipolitamani shamba la mizabibu la Naboth, naye akakataa kulitoa, mkewe Ahab aliweka mashahidi wa uwongo, na Naboth akapigwa mawe akafa. Nabii Ilyasi akamwendea mfalme katika shamba lile lile, akamkabili kwa kosa la kuua na kunyang'anya. Silaha yake ilikuwa neno la haki.

Naye kuhani Mattathias alishika upanga mwaka 167 kabla ya Isa, pale mfalme Antiochus alipowakataza Mayahudi dini yao. Lakini kitukuu wake, Alexander Jannaeus, alipokuwa mfalme aliwasulubu watu kiasi cha 800 wa kaumu yake mwenyewe. Nyumba iliyoinuka kwa kupinga dhuluma ikawa nyumba ya dhuluma.

Basi mwenye kumpinga dhalimu na ajipime kwanza: je, aichukia dhuluma, au achukia kuwa fimbo haimo mkononi mwake? Musa na Haruni walipotumwa kwa Firauni waliamrishwa wamwambie maneno laini. Wala upole ule haukuwa khofu, kwani haki hawakuificha.

Na dhuluma si ya wafalme peke yao. Mume kwa ahali yake, mwalimu kwa wanafunzi wake, tajiri kwa mchukuzi wake, kila mmoja ana ufalme wake mdogo, naye ataulizwa.

Mwenyezi Mungu awaepushe waja wake na kudhulumu na kudhulumiwa. Wallahu aalam.