Ikweta, Bikoni na Mpaka wa Jirani

Kebirigo, katika kaunti ya Nyamira, iko kati ya mistari miwili isiyoonekana. Kilomita 60 na ushei kaskazini yake inapita ikweta, inayotambulishwa kwa vibao vya barabarani Maseno na Nanyuki, na kwa pete nyeupe za saruji huko Kayabwe, Uganda. Kusini uko mpaka wa Kenya na Tanzania, uliowekewa bikoni kutoka upande wa Ziwa Victoria hadi Vanga. Je, mistari hiyo ipo kweli, au ni mawazo tu?

Gottlob Frege, mwanafalsafa Mjerumani, alichukua mfano wa ikweta mwaka 1884: haishikiki, lakini fikra za watu hazikuiumba, zimeitambua tu. Ushahidi wake unapatikana Kebirigo penyewe. Siku moja au mbili kabla ya jua kuvuka ikweta mwezi Machi, karibu saa saba kasorobo mchana, kivuli cha nguzo iliyosimama wima hujikunja hadi kikapotelea chini yake. Kibao kiwepo kisiwepo, ndivyo dunia inavyozunguka. (Maji yanayozungushwa kwenye bakuli mbele ya watalii penye vibao vya ikweta hayathibitishi chochote; chombo ni kidogo mno.)

Mpaka ni jambo jingine. Uingereza na Ujerumani ziliukubaliana mwaka 1886, zikaufikisha pale digrii 1 kusini inapokutana na Ziwa Victoria. Wakuria, ambao lugha yao ina udugu na Ekegusii inayozungumzwa Kebirigo, wakajikuta wengine Kenya, wengine Tarime upande wa Tanzania. Mstari huu uliumbwa kwa neno, na kwa neno unaishi, hivyo unahitaji amri ya kuulinda. Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani iliyowekwa na waliotangulia. Mkulima wa majani chai Kebirigo haelezwi mara mbili: alama ikisogea hatua mbili, mstari mzima wa michai umekwenda. Ikweta hakuna aliyewahi kukatazwa kuisogeza.

Lakini bikoni za Isebania, mji wa mpakani, hazikuwekwa na mababu wa Wakuria, kwa hiyo amri hiyo peke yake haizipi uhalali. Uhalali ulikuja baadaye, Julai 1964 mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walipoahidi kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Ahadi hiyo ndiyo inayoushikilia mpaka hadi leo, ingawa harusi na mazishi ya Wakuria bado huuvuka.