Mabegi Yaliyokwama Mlango wa Machozi

Kati ya Yemeni na Jibuti Bahari ya Shamu hubanwa mpaka ikabaki kilomita 30 hivi. Waarabu walipaita Bab el-Mandeb, Mlango wa Machozi. Mama ninayemsimulia huuza mitumba Kawangware, Nairobi, karibu na steji ya 46, na jina hilo hakuwahi kulisikia mpaka lilipomla mtaji.

Mwanzoni mwa Novemba 2023 mwagizaji mmoja alimwahidi marobota ya mabegi ya shule kutoka Ulaya, yafike kabla ya shule kufunguliwa Januari. Anayelipa mapema angepunguziwa bei. Mama akakopa kwenye chama chetu cha akiba shilingi 60,000, riba asilimia 10 kwa mwezi, akalipa zote. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Nilimhesabia zile noti nisimwulize neno.

Aliyeuliza ni wifi yake, mwenye kibanda Soko la Toi, ubavuni mwa Kibera.

"Na meli ikichelewa, wifi?"

"Itachelewaje? Kontena limeshapakiwa."

Tarehe 19 mwezi huohuo, wapiganaji wa Kihuthi wa Yemeni walishuka kwa helikopta juu ya meli Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, wakaiteka. Makombora na droni vikafuata. Katikati ya Desemba kampuni kubwa za meli, Maersk ikiwemo, zikasitisha safari za njia hiyo, ambayo mzigo wa Mama ulikuwa upitie. Marekani na wenzake walipeleka manowari, zikadungua makombora mengi, na Januari wakaanza kuwapiga Wahuthi ndani ya Yemeni kwenyewe. Hata hivyo wenye meli wengi hawakuthubutu kurudi. Walizunguka Rasi ya Tumaini Jema, huko kusini mwa Afrika, safari ikarefuka kwa siku kumi na zaidi, na nauli ya kontena ikapanda.

Shule zikafunguliwa. Wazazi walipita Kawangware na watoto wao wakiuliza mabegi, naye hana hata moja. Wifi yake alikuwa nayo machache, aliyoyachagua moja moja soko la Gikomba, kwa bei ya juu, kutoka mzigo ulioonekana kwa macho. Yaliisha wiki ya pili ya Januari.

Marobota yalifika katikati ya Februari. Riba peke yake ilikuwa shilingi 18,000. Mabegi mazuri ya daraja la kwanza, kamera tupu kwa lugha ya mitumba, yaliuzwa kwa bei ya fagia, yaani ya mabaki, maana kila mtoto alikuwa ameshapata lake.

Simlaumu kwa kutoijua Yemeni. Nani kwetu alikuwa akiiwaza? Lakini riba ilikuwa na tarehe, mzigo haukuwa nayo, nasi tuliosaini kitabu cha mikopo tulijifanya unayo. Hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa alichokopa ni akiba ya akina mama wanaofua nguo za watu Lavington.

Deni alilimaliza Agosti. Juzi nilimkuta Gikomba saa kumi na moja alfajiri, pochi kiunoni, robota limekatwa mbele yake, akivuta begi baada ya begi na kujaribu zipu ya kila moja.