Mali Ipitayo Hewani

Vitu vya duniani ni vya namna mbili: viko vinavyopungua vikigawanywa, na viko visivyopungua. Ndizi ikigawanywa kwa watu wawili kila mmoja hupata nusu. Lakini wimbo ukiimbwa mbele ya watu mia kila mmoja huupata mzima, na mwimbaji hapungukiwi na kitu. Juu ya ndizi, wanadamu walikwisha kujua tangu zamani lipi langu na lipi lako. Juu ya wimbo, wangali wakibishana. Ubishi huo sasa umeingia katika maktaba za shule, kwa mlango wa televisheni.

Swali lenyewe ni hili. Tuseme shule moja ya sekondari katika Meru au Embu ina king'amuzi cha televisheni ya kulipia, na ada yake hulipwa kila mwezi. Viko ving'amuzi vyenye diski ndani yake, ambavyo huamrishwa mara moja tu, kisha hunasa kipindi kila kinapotangazwa, hata kama hapana mtu aliye macho. Je, ni halali shule kuiachia mashine hiyo inase vipindi usiku na mchana, na kuviweka katika maktaba vitazamwe na wanafunzi mwaka baada ya mwaka? Msomaji asiharakishe kujibu, maana kila upande una hoja zenye uzito.

Tuanze na upande wa shule. Kipindi kizuri juu ya mapigo ya moyo au juu ya milima ya volkeno hakifuati ratiba ya masomo. Huja saa nne asubuhi wakati wa hisabati, au saa sita za usiku wakati mabweni yamelala. Mwanafunzi wa mjini, ambaye kwao pana televisheni na intaneti, atakiona siku nyingine. Mwenzake wa nyanda kavu za Mbeere au Tharaka huenda asikione kamwe. Kila asubuhi isiyo na mawingu yeye huutazama Mlima Kenya, ambao ni volkeno iliyozimika, na bado aweza kumaliza masomo yake bila kuona hata mara moja jinsi volkeno iliyo hai inavyotapika moto. Maktaba ndipo mahali ambapo mtoto wa maskini huketi sawa na mtoto wa tajiri. Kuinyima maktaba kipindi kile ni kuirudisha tofauti ambayo maktaba ilijengwa ili iiondoe.

Tena, kisichonaswa hupotea. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Vanderbilt katika mji wa Nashville kilianza mwezi wa Agosti 1968 kunasa taarifa za habari za jioni, kwa kuwa makampuni yaliyozitangaza hayakuzihifadhi kwa muda mrefu. Mwaka 1973 kampuni ya CBS ilikishtaki chuo hicho. Sheria mpya ya hakimiliki ya mwaka 1976 ilizipa maktaba ruhusa ya kunasa taarifa za habari, na mashtaka yakakoma. Lau chuo kile kingaliogopa tangu mwanzo, sehemu kubwa ya kumbukumbu ya miaka ile ingalipotea pamoja na upepo.

Sasa tusikilize upande wa pili. Kipindi hakioti chenyewe kama magugu. Yuko aliyekesha kichakani akimngoja chui, yuko aliyeandika maneno, yuko aliyeyasoma, yuko aliyezipanga picha. Na wote hao hula kwa kazi hiyo. Ada ya mwezi ni njia ya kuwalipa. Nayo mikataba mingi ya televisheni ya kulipia huandikwa kwa ajili ya nyumba ya mteja na jamaa zake, si kwa ajili ya mamia ya wanafunzi. Wazee wa miteremko ya Mlima Kenya husimulia kwamba mpita njia aliyeshikwa na njaa aliweza kula ndizi katika shamba la mtu asiitwe mwizi. Lakini akizitia kapuni na kwenda zake, jina lake lilikuwa ni hilo. Torati nayo ina amri ya namna hiyo juu ya shamba la mizabibu. Basi kutazama ni kula, na kunasa ni kutia kapuni.

Mfano huo ni mzuri, walakini una ufa. Ndizi iliyotiwa kapuni haimo tena shambani. Kipindi kilichonaswa kingali mikononi mwa mwenyewe. Mwanafunzi aweza kusema: hapana kilichopungua, basi hapana aliyeibiwa. Wengine humjibu kwa kumtaja mvulana anayenakili insha ya mwenziwe. Insha ile haikupungua hata herufi moja, na hata hivyo mnakili huadhibiwa. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu kosa la mnakili ni uongo: ameandika jina lake juu ya kazi isiyokuwa yake. Maktaba haisemi uongo. Huonyesha wazi kipindi ni cha nani na kilitangazwa lini. Kama liko kosa katika kunasa, hapana budi tulitafute mahali pengine.

Nadhani tutalipata mferejini. Katika miteremko ya Meru na Embu wako wakulima ambao huyaelekeza maji ya mito ya mlima mashambani mwao kwa mifereji. Mfereji huchimbwa kwa jasho la wengi, na matope yake lazima yazolewe mara kwa mara. Mtu mmoja akijichimbia tawi dogo usiku, akayapitisha maji kidogo katika bustani yake, pengine hapana jirani atakayeona upungufu. Kosa lake si maji aliyoyatwaa, bali ni kazi aliyoikwepa na ruhusa ambayo hakuiomba. Kila mtu akifuata mwendo wake, hatapatikana wa kuzoa matope, na mwishowe maji yatakatika kwa wote, na kwake yeye pia. Vivyo hivyo kwa vipindi. Shule moja ikinasa, mpiga picha hatajua. Shule zote zikinasa bila kuuliza wala kuchangia, yule aliyemngoja chui atatafuta kazi nyingine, na wanafunzi wa kesho hawatakuwa na cha kunasa.

Sheria ya nchi imejaribu kuishika mizani hii. Kenya ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966, na baadaye ikatunga Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, huitaka Serikali izilinde haki za watu wa Kenya juu ya kazi za akili zao. Kwa sheria ya 2001 mtangazaji ana haki juu ya tangazo lake kwa muda wa miaka 50, na ni kosa kuzivunja kufuli za kiufundi zinazolilinda. Lakini sheria hiyo hiyo imeiachia shule mlango: tangazo lililokusudiwa kutumika katika mafundisho ya utaratibu laweza kunaswa na shule iliyosajiliwa na kutumiwa katika masomo yake. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilipeleka masomo kwa redio na televisheni. Hayo ni mafundisho dhahiri. Filamu ya burudani haiwi ya namna hiyo kwa kuwa tu mwalimu ameona funzo ndani yake. Uingereza nako, sheria ya mwaka 1988 iliziruhusu shule kunasa matangazo, na mahali palipo na mpango wa leseni, shule hulipia leseni hiyo. Hiyo ndiyo siku ya kazi mferejini.

Limebaki neno moja, nalo ni kwamba mashine hunasa yenyewe. Mwalimu anaponasa kipindi kwa mkono wake, amekwisha kukipima: amejiuliza ni cha somo gani, ni cha nani, na kitamfaa nani. Mashine haijiulizi. Hunasa somo la fizikia na mchezo wa mapenzi kwa bidii ileile. Kisha lawama ikija, kila mmoja husema kuwa si yeye, ni mashine. Lakini atengaye mtego porini hawezi kujitetea kwamba alikuwa amelala wakati mtego ulipomnasa mbuzi wa jirani. Usingizi wake haumtoi katika hukumu, maana mtego uliufuata mkono wake. Kwa hiyo mashine na inase, lakini kwa orodha iliyoandikwa na walimu, kila kipindi kwa somo lake; na pale sheria isipofungua mlango, ruhusa iombwe kwa maandishi kabla ya kunasa. Maktaba si ghala la kila kitu kilichopita hewani. Ni mahali pa vitu vilivyochaguliwa na watu walio tayari kuulizwa juu yake.

Na shule iliyoomba ikanyimwa, je? Hapa haki huuma, wala haifai kuficha uchungu wake. Iko faraja moja: sheria hulinda umbo la kazi, hailindi maarifa yaliyomo. Hapana awezaye kumiliki habari kwamba moyo una vyumba vinne, au kwamba Mlima Kenya ulitapika moto zamani. Mwalimu aweza kutazama, akaandika, akachora ubaoni, akaeleza kwa maneno yake mwenyewe. Lakini picha yenyewe mwanafunzi wa Mbeere atakuwa ameikosa, na ni vibaya kumwambia kwamba hakukosa kitu. Deni la picha hiyo liko kwa Serikali iwezayo kumlipia, na kwa makampuni yawezayo kumpa bila kupoteza riziki yao. Yafaa wadaiwe waziwazi, kwa barua na kwa sauti, wala deni lao lisilipwe kwa siri na mashine ya usiku.

Mwanafunzi hufundishwa na maktaba mara mbili. Mara ya kwanza hufundishwa na yaliyomo ndani yake, na mara ya pili na njia yaliyoingilia. Somo la kwanza huenda akalisahau baada ya mtihani. La pili huondoka nalo shuleni, akalitumia siku atakapokabidhiwa ufunguo wa mali ya wengine.