Siri ya Jirani Mkononi Mwangu

Mwezi uliopita mama mmoja mzee alishuka toka milima ya Uluguru na kapu lake la ndizi mpaka Morogoro mjini, akaniomba nimtolee fedha alizotumiwa na mwanawe kwa simu. Kusoma hajui, akanitajia namba yake ya siri mbele ya watu, nami nikaipokea. Ndugu wapendwa, je, huo ulikuwa wema?

Mwivi wa mbali twamjua, yule aandikaye, "Ile hela itume kwa namba hii." Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yawabana wakusanyao habari za watu. Lakini ni nani asimamaye kati ya bibi na mjukuu wake, au kati yake na mchungaji? Ashikaye siri ya mwenziwe, hata akiwa mwaminifu, amemnyang'anya uwezo wa kumkataza.

Nikamrudia. Tarakimu za noti azijua sana, kuliko wengi wetu. Tukaibadili namba ile. Mpya akaichagua mwenyewe, nami nikageuka. Alikosea mara mbili. Nikakaza moyo nisitazame. Mara ya tatu ikakubali.

"Baba Mchungaji," akauliza, "mbona wanipa kisogo?"