TRENI INAPOKAWIA

Wazee wetu walisema: "Mvumilivu hula mbivu." Lakini wazee hao hao walisema pia: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Atakaye kujua kwamba methali zote mbili ni za kweli, na aende kungojea treni Tunduma.

Mji huo uko mpakani, ukitazamana na Nakonde ya Zambia. Reli ya TAZARA yapita hapo, ikitoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, mwendo wa kilomita 1,860. Treni ya abiria haipiti kila siku. Tena, kwa sababu ya uchache wa vichwa vya treni na uchakavu wa njia, saa ya ratiba na saa ya kufika mara nyingi hazikutani.

Tumfikirie baba mmoja aliyepata habari usiku kwamba mama yake amefariki huko Mlimba. Mazishi ni kesho jioni. Alfajiri yuko stesheni, tiketi mkononi. Saa sita mchana treni haijaonekana. Jua linatua, bado. Moyoni mwake anajua kwamba mama atazikwa bila yeye. Ndipo hasira yampanda. Amtukana karani wa tiketi, kijana asiyeendesha treni wala asiyetengeneza reli. Amgeukia mkewe na kumlaumu kwamba alichelewa kufunga mzigo. Mtoto alia kwa njaa, naye ampiga kofi.

Nani atamhukumu? Uchungu wake ni wa haki. Lakini karani, mke na mtoto wamekosa nini?

Bwana wetu Yesu Kristo alijua habari ya kungojea. Katika mfano wa wanawali kumi, bwana harusi alikawia, nao wote wakasinzia, wenye busara na wapumbavu pia. Tofauti yao haikuwa katika kuchoka, bali katika mafuta. Nayo mafuta hayakuweza kuazimwa usiku wa manane. Ndivyo ilivyo saburi. Hainunuliwi dirishani pamoja na tiketi. Yatupasa kuiweka akiba nyumbani, siku za raha, kwa sala ya jioni pamoja na watoto, kwa kuzuia ulimi katika mambo madogo. Asiyejizoeza kunyamaza chai ikichelewa, atawezaje kunyamaza treni ikichelewa?

Hata hivyo, tusiwahubirie saburi wanaongoja tu, tukawasahau wanaongojesha. Amri ya saba yakataza wizi, na siku ya mtu ni mali yake. Mchuuzi aliyeketi na matenga yake ya parachichi mpaka yakaoza ameibiwa, ikiwa kuna uzembe ndani yake. Twajua kwamba injini huharibika na mvua hubomoa njia; hayo si dhambi ya mtu. Lakini kuficha habari ni jambo jingine. Mwenye kazi anayejua kwamba treni haitafika leo, naye akasema "iko njiani", amemnyima mwenzake nafasi ya kutafuta basi. Neno la kweli halihitaji kichwa kipya cha treni.

Nasi tulio majumbani tusijihesabie haki. Baba asemaye "narudi sasa hivi", kisha akae kilabuni mpaka usiku. Tajiri anayechelewesha mshahara wa kibarua. Mdaiwa asemaye "njoo kesho" kila kesho. Hao wote ni treni zinazokawia, na watu wanawangojea.

Tukumbuke pia reli hiyo ilitokana na nini. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Mapatano na Uchina yalitiwa saini mwaka 1967, kazi ikaanza mwaka 1970, na njia ikakamilika mwaka 1975, kabla ya wakati uliopangwa. Watanzania, Wazambia na Wachina walitoboa milima kati ya Mlimba na Makambako. Wengine walifia kazini. Makaburi ya Wachina yapo mpaka leo Gongo la Mboto. Watu waliotoa maisha yao ili kazi imalizike mapema wanatudai sisi tulioirithi. Septemba 2024, mbele ya marais wa nchi zote tatu, hati ya kuifufua reli hiyo ilitiwa saini Beijing. Tuombe kwamba pamoja na vyuma vipya iwepo pia dhamiri mpya.

Na yule baba? Tuseme amefika Mlimba siku ya pili, udongo wa kaburi ungali mbichi. Hakumwona mama akishushwa kaburini, na hasara hiyo hairudi. Lakini Kanisa Takatifu lamfundisha kwamba sala kwa marehemu haina ratiba, wala haichelewi kamwe. Na apige magoti hapo, asali. Kisha amwombe radhi mkewe, na ambebe mtoto wake. Siku ya kurudi, akipita stesheni, asiache kumsalimu yule karani.

Mwenyezi Mungu, asiyechoka kutungojea sisi wakosefu, atujalie saburi tunapongoja, na uaminifu tunapongojewa.